Chokoleti Chungu ya Bruges

Sehemu ya Sita

Boksi lilianguka. Chokoleti zikatawanyika sakafuni, nyingine zikabingirika hadi uvunguni mwa kabati la vioo, wala hakuna aliyeinama kuziokota.

Ninyi mliokuwa mkibishana wiki nzima kwamba Duarte kaona mzuka, poleni. Hakuona mzuka. Mwanamke aliyesimama nyuma ya kaunta ya lile duka la Bruges, aproni ya kahawia kifuani, nywele kazikata hadi masikioni, alikuwa Leonor. Mke wake wa ndoa. Yule aliyetoka nyumbani kwao Porto asubuhi moja akisema anakwenda kununua mkate, akapiga simu mara moja tu kusema, "Niko hai, usinitafute," na tangu hapo umepita mwaka na nusu.

"Leonor," Duarte aliita.

"Umekosea mtu, bwana," mwanamke alijibu kwa Kiflemi kibovu.

"Nimekosea mtu?" Duarte alimjibu kwa Kireno, sauti ikipanda. "Mke wangu mwenyewe nimsahau kwa sababu kakata nywele? Nitazame basi uniambie tena kwamba nimekosea."

Leonor hakumtazama. Alitazama nyuma ya Duarte, mlangoni, na mtu angedhani anatafuta pa kukimbilia. Kumbe alikuwa anamtazama Goedele.

"Goedele," alisema. "Si uliniahidi?"

Duarte aligeuka taratibu.

Goedele alikuwa amesimama pale mlangoni na koti lake jekundu, mrefu, uso umempauka kama unga. Huyu ndiye mwenyeji wake. Yeye na mumewe Wannes walikuwa wakienda Porto kila kiangazi, wakipanga chumba cha juu nyumbani kwa mama yake Duarte, hadi wapangaji wakageuka marafiki na marafiki wakageuka ndugu. Ni wao waliompigia simu: shemeji, njoo Ghent, njoo unywe bia za Wannes, ule chokoleti, utembee, utaoza humo ndani peke yako. Naye akaja. Asubuhi alicheza na Roos, kale katoto kao ka kulea, mchana alipelekwa kutazama ngome na makanisa, jioni Wannes alimfungulia chupa moja baada ya nyingine za kiwanda chake kidogo. Na leo Goedele akamwambia, twende Bruges, kuna duka moja nataka ulione.

"Ulikuwa unajua," Duarte alisema.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyotoroka. Alifikia kwetu."

Duarte alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake. "Nilikupigia simu, Goedele. Nalia kama mtoto. Ukaniambia pole shemeji, jipe moyo, atarudi. Na yeye alikuwa wapi wakati huo? Chumba cha pili?"

"Chumba hichohicho," Goedele alijibu. "Amekaa mbele yangu, ananitikisia kichwa nisiseme."

Mama mwenye duka akatokea nyuma, bibi mnene mwenye miwani puani. Alitazama sakafu, akatazama nyuso tatu zile, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Leonor, mwanangu, toka nao," alisema. "Duka nitalishika mimi. Lakini msigombane hapa, watalii washaanza kupiga picha."

Wakatoka. Karibu na mfereji kulikuwa na kibaa kidogo chenye meza za mbao nyeusi, wakaingia. Goedele alitaka kubaki nje, Leonor akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, shoga? Moto umeuwasha wewe. Kaa uuote."

Mhudumu akaleta bia tatu nyeusi, kila moja na bilauri yake ya mguu, akaziweka taratibu kama mtu anayeweka maua kaburini. Leonor, ambaye Porto bia hakuionja hata kwenye harusi, aliinua yake akanywa kama maji.

"Kuna mwanamume?" Duarte aliuliza.

"Hakuna."

"Sema tu. Nishakuwa mtu mzima."

"Nimekwambia hakuna, Duarte. Nashinda na chokoleti, nalala juu ya duka. Mwanamume atakaa wapi?"

"Basi nilikukosea nini?"

Leonor aliiweka bilauri chini. "Hukunikosea kitu. Hapo ndipo uliponiua."

Duarte hakuelewa. Alimtazama Goedele kana kwamba yeye ndiye atakayemtafsiria. Goedele alikuwa anaitazama bia yake, hajaigusa.

"Matilde," Leonor alisema.

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa baina yao tangu mazishi. Duarte alishika ukingo wa meza.

Matilde alikuwa binti yao. Miaka sita, meno mawili ya mbele hana, mdomo hauna breki. Juma lile Duarte alikuwa Braga akirudishia vigae vya kanisa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mtoto alipata homa. Mama yake akampa dawa ya maji, akamfunika, akasema asubuhi tutaona. Asubuhi walipofika hospitali ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na baba mtu alipoteremka kwenye basi, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Ulirudi ukanikumbatia," Leonor alisema. "Ukaniambia si kosa lako. Majirani wakinong'ona, unawatimua. Mama yako akaninunia, ukaacha kula kwake. Kila asubuhi unaniwekea kahawa, unanipakia siagi kwenye mkate kama mtoto mgonjwa. Mimi nakutazama usoni, naitafuta hasira, siioni. Nikajua ipo. Umeificha mahali, na kila siku unailisha."

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua. Sijauliza hilo." Aliinama mbele. "Nataka uniambie kweli, mara moja tu. Ukiniambia, nitakujibu lolote utakalouliza. Ulinilaumu au hukunilaumu?"

Chini ya dirisha mashua ya watalii ilikuwa inapita kwenye mfereji. Nahodha alitupa mzaha wake kwenye kipaza sauti, na watu wote mashuani wakacheka kwa pamoja.

"Duarte."

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nilikulaumu!" Ngumi ilitua mezani, bia ikaruka. "Kila siku! Nikikupakia siagi nilikuwa nasema moyoni, kwa nini hukumpeleka? Hospitali iko ng'ambo ya barabara, Leonor! Ng'ambo ya barabara tu! Ungemfunga blanketi ukavuka! Mimi niko Braga nabandika vigae vya watakatifu, na wewe unaniambia kwa simu, usijali, ni homa tu, lala. Nikalala! Umesikia? Nililala usingizi!"

Mhudumu alisimama na kitambaa chake mkononi.

Leonor alijifunika uso kwa mikono miwili. Alilia kama mtu aliyetumbuliwa jipu, maumivu na nafuu vikitoka mahali pamoja. Duarte alinyoosha mkono amguse, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Nisamehe," alisema. "Sikutaka."

"Ahsante," Leonor alimjibu.

"Ahsante?"

"Nilikuwa naomba uliseme hilo. Kule nyumbani nilikuwa nalala nimegeukia ukuta naomba, Mungu, leo anitukane." Alijifuta kwa ncha ya aproni. "Sasa uliza lako."

Duarte hakuwa na maswali mengi. Alikuwa na moja.

"Utarudi nyumbani?"

"Hapana."

Alilisema haraka, kama mtu anayeng'oa plasta.

"Tutahama," Duarte alisema. "Tutakwenda Lisboa. Tutakwenda popote. Vigae viko kila mahali, nitafanya kazi hata huku, nitajifunza hiki Kiflemi chao cha kukohoa. Leonor, mimi sitaki tena mkate bila mtu wa kumpakia siagi."

"Nikikutazama namwona yeye. Pua ni yako. Unavyocheka, ndivyo alivyocheka. Unataka niishi na uso huo asubuhi na jioni?" Alitikisa kichwa. "Bado nakupenda, Duarte. Lakini pale siwezi kukaa."

Wapo waliopigwa risasi wakaendelea kutembea hatua kadhaa kabla ya kuanguka. Duarte alisimama, akavaa koti lake, akakosea mkono wa kushoto, akalivua, akalivaa tena.

"Basi," alisema. "Angalau nimekuona. Nitamwambia mama uko mzima."

Alikuwa ameshafika karibu na mlango Goedele aliposema, kwa sauti ndogo, "Mwambie, shoga."

"Nyamaza wewe," Leonor alisema.

"Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi."

"Unajua utakachopoteza?"

"Najua," Goedele alisema, na hapo machozi yake nayo yakaanza kushuka. "Nimejua tangu Jumapili, nilipoingia sebuleni nikamkuta amelala kifuani kwake, wote wawili wanakoroma. Mlango uleule nilioingilia nikarudi, nikakaa kwenye ngazi. Siwezi tena, Leonor. Nimejaribu."

Duarte alirudi mezani. "Nani amelala kifuani kwa nani?"

Goedele alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Goedele, nakuuliza. Nani?"

Leonor alishika bilauri tupu kwa mikono yote miwili, akaongea nayo badala ya kuongea na mumewe. "Nilipotoka Porto sikutoka peke yangu. Nilikuwa na mimba. Mwezi wa pili. Nilikuwa sijamwambia mtu."

Duarte alikaa tena na koti lake.

"Mimba yangu?"

"Ya nani tena?"

"Na mtoto? Yuko wapi? Yu hai? Leonor, mtoto yu hai?"

Ni Goedele aliyejibu.

"Umemlisha uji asubuhi hii."

Roos. Katoto kenye mashavu mekundu kalikompokea mlangoni kwa kumvuta ndevu. Kalikokuwa kakitambaa hadi kitandani kwake alfajiri na kupiga godoro kwa viganja. Alikuwa anakaita "bibi mdogo" na kukaimbia nyimbo alizokuwa amejiapiza hataziimba tena duniani. Wannes alimwambia tumepewa, mama yake kashindwa kumlea, na Duarte alimpongeza! Alimkumbatia Wannes, akagonga naye bilauri, akasema Mungu amewakumbuka.

"Alizaliwa na joto," Leonor alikuwa anasema. "Daktari akaniambia watoto wachanga ni wa moto hivyohivyo, si homa. Sikumwamini. Kila nikimgusa naisikia ile homa. Nikasema, nikimbeba huyu, atakufa. Goedele alikuwa pale kitandani. Nikamwambia mchukue. Nyinyi hamna mtoto na mikono yenu haina laana. Nikaandikisha kwamba baba hajulikani."

"Hajulikani!" Duarte aliruka. "Mimi sijulikani? Porto nzima hata paka wananijua! Umenizika hai, Leonor! Nimemlilia mtoto mmoja mpaka macho yakakauka, na mwingine mnanipa nimbembeleze kama mgeni!" Akamgeukia Goedele. "Nampeleka nyumbani. Leo."

"Najua."

"Usiniambie unajua, kama mtakatifu!"

"Mimi si mtakatifu," Goedele alisema. "Mtakatifu asingekaa kimya huku anamvisha soksi mtoto wa mtu."

Leonor alibaki mezani. Hawakuagana. Walipopita nje ya dirisha alikuwa bado ameishika ile bilauri, na mhudumu, masikini, alikuwa amemletea kipande cha jibini ambacho hakukiagiza.

Kwenye treni ya kurudi Ghent walikaa viti viwili tofauti, njia katikati. Nje ni mashamba na ng'ombe weupe na mvua nyembamba. Goedele alikuwa na mfuko mtupu mapajani. Wannes alikuwa amemwagiza chokoleti nyeupe asubuhi, akamwambia, "Najua si chokoleti ya kweli, niacheni na dhambi zangu," na hakuna aliyekumbuka.

Simu ya Goedele ikalia. Alitazama, akavuka ile njia akakaa kando ya Duarte, akampa simu.

Ilikuwa picha ya video kutoka kwa Wannes. Roos ameshikilia kiti cha jikoni. Anakiachia. Anasimama, hajashika kitu chochote, mikono juu kama mtu aliyetekwa na majambazi. Anayumba. Anajitazama miguu kwa mshangao. Sauti ya Wannes nyuma ya simu inapiga kelele, "Goedele! Tazama! Anasimama! Tazama mtoto wetu!" Kisha kishindo, kitako sakafuni, na kicheko.

Duarte aliirudisha mwanzo. Akaitazama tena. Akaitazama tena.

"Anacheka kama dada yake," alisema.

"Sikumbuki vizuri dada yake alivyokuwa anacheka," Goedele alisema. "Nilikuwa nakuja kiangazi tu. Nisimulie."

Akamsimulia. Hadi stesheni ya Ghent alikuwa anamsimulia, na wale wawili waliokuwa maadui kwenye baa wakalia juu ya simu moja, mpaka mkagua tiketi akapita bila kuwauliza kitu.

Nyumbani mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga. Wannes, ndevu nyekundu, tumbo la mtengeneza bia, mtoto amemkalia shingoni ameshika masikio yake kama usukani. Harufu ya nyama ilitoka naye.

"Karibuni mle!" alipaza sauti. "Nyama imekaa kwenye bia tangu asubuhi, imelewa kuliko mimi! Mmeona video? Mmeona binti yangu? Chokoleti yangu iko wapi?"

Roos alimwona Duarte akapiga kelele ya furaha, akanyoosha mkono kwenye ndevu zake.

Hakuna aliyecheka. Wannes alimtazama mgeni. Akamtazama mkewe. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Goedele," alisema. "Sema hapana."

"Anajua."

"Sema hapana, Goedele!"

"Wannes, anajua yote. Nimempeleka dukani mimi mwenyewe."

Wannes alimteremsha mtoto kutoka shingoni akamkumbatia kifuani. "Nilisema tumwite anywe bia! Bia tu! Nilikuwa silali kwa aibu, nikasema tumlishe, tumnyweshe, tumwoneshe mji, labda huu mzigo utapungua. Na wewe unakwenda..." Maneno yalimwishia. "Tulikuwa tumeshamaliza. Tulikuwa watu watatu. Kwa nini?"

"Kwa sababu tulikuwa watu wanne," mkewe alisema. "Na mmoja alikuwa analia Porto."

Duarte aliingia ndani. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, maneno makali, ya wizi na ya mahakama. Alipomwona Wannes amerudi nyuma hadi jikoni na mwiko mkononi, mtoto kifuani, maneno yote yalipotea.

"Nipe binti yangu, Wannes," alisema tu.

Nilidhani Wannes atapigana. Wanaomjua wangedhani hivyo pia. Ana mikono ya kubeba mapipa. Alisimama kwa muda mrefu, pua yake kwenye nywele za mtoto.

"Anapenda kulalia ubavu wa kushoto," alisema hatimaye. "Ukimlaza wa kulia atakukesha. Ndizi usimpe nzima, anajaza mdomo. Na akianza kusugua sikio, hana maumivu, ni usingizi tu, watu hudhani sikio linauma, kumbe ni usingizi, sisi tulimkimbiza hospitali mara..."

Alishindwa kumaliza. Akamnyoosha mtoto mbele, macho ameyafumba.

Duarte alimpokea.

Asubuhi ileile alikuwa amembeba mara ngapi! Alikuwa mwepesi, alikuwa anacheka. Sasa alikuwa mzito kama jiwe la msingi. Alimshikiza kwenye bega, akaisikia harufu ya kisogo chake, akasema kwa Kireno, "Baba yako ni mimi. Ni mimi, bibi mdogo. Samahani nimechelewa."

Lakini mtoto ni mtoto. Roos alikuwa amezisikia zile sauti, ameona ndevu nyekundu zimelowa machozi. Mdomo ulianza kutetemeka. Kisha akapiga ukelele, akajipinda mgongo, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea koti jekundu.

"Mama!"

Hakuwahi kulisema neno hilo. Wannes na Goedele walikuwa wamelisubiri majuma mengi, wamelifundisha kwa vijiko na kwa vikaragosi, na mtoto akagoma. Amelisema leo.

Goedele alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo akaifungamanisha, vidole vikageuka vyeupe. "Sitamchukua," alisema, meno yakigongana. "Shemeji, usinitazame mimi. Mtembeze. Mwimbie. Atanyamaza. Usinitazame."

Duarte alimtembeza. Alimwimbia. Mtoto hakunyamaza. "Mama! Mama!" Alizunguka meza naye, akazunguka tena, jasho likimtoka, na kila alipopita mbele ya Goedele mikono midogo ilimfuata yule mwanamke kama alizeti inavyolifuata jua. Kwenye jiko nyama ikaanza kuungua na hakuna aliyeiepua.

"Mpe," Wannes alisema, amekaa sakafuni. "Kwa jina la Mungu, Duarte, mpe dakika moja anyamaze. Halafu umchukue."

"Nikimpa sitaweza kumchukua tena."

"Sasa umekuwa kama sisi," Wannes alimjibu.

Kengele ya mlango ikalia.

Wakatazamana. Ikalia tena, ndefu, mtu ameilalia na kidole. Goedele ndiye aliyekwenda.

Alikuwa Leonor. Kichwa kimelowa mvua, koti halikufungwa, na chini yake aproni ya duka bado ina madoa ya chokoleti. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia kutoka stesheni, na kweli alikuwa amekimbia. Tangu mtoto azaliwe hakuwa amekanyaga mtaa ule. Kutoka Bruges alikuwa akiuliza hali yake kwa simu tu, na siku nyingine hakuuliza kabisa.

Alimpita Goedele bila kumsalimu. Alimpita Wannes pale sakafuni. Akasimama mbele ya mumewe, akamtazama mtoto usoni, kwa karibu, jinsi ambavyo hakuthubutu kumtazama siku aliyomzaa. Roos alikatisha kilio katikati. Wakatazamana, mama na mwana, macho yaleyale meusi.

Leonor alinyoosha mkono. Akaulaza kwenye paji la uso la mtoto, kama mtu anayepima homa.

Aliuacha pale kwa muda.

"Hana joto," alisema. Na alilisema kwa namna ambayo Wannes aliinua kichwa, maana ilikuwa kama mtu anayesomewa hukumu na kuambiwa yuko huru.

"Leonor," Duarte alisema, "ulisema huwezi."

"Nilisema. Mlipoondoka nikabaki peke yangu na hizo bia, nikawaza, huyu mwanamume amenitukana mbele ya baa nzima na mbingu hazijaanguka." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nyote watatu mmeshamlea. Nyote mmeshamlisha na kumwimbia. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Umchukue umpeleke wapi? Juu ya duka?"

"Juu ya duka. Chini ya daraja. Popote nitakapokuwa mimi."

"Ulimtupa!"

"Na wewe ulimpata leo mchana!"

Duarte alirudi nyuma, mtoto amemkumbatia kwa nguvu. Na hapo jambo la ajabu likatokea. Wannes aliinuka kutoka sakafuni, mkubwa, amelowa machozi, akatembea hadi upande wa Duarte, akasimama bega kwa bega na mtu aliyekuja kumnyang'anya mtoto, wakamkabili Leonor pamoja.

"Huyu naweza kumpa," Wannes alisema. "Wewe, kamwe."

Mlangoni kitasa kikalia. Wote wakageuka.

Goedele alikuwa amefunga mlango kwa ufunguo. Aliuchomoa, akautia mfukoni mwa koti lake jekundu, akaegemea ubao wa mlango kwa mgongo wake wote.

"Hakuna anayetoka humu na mtoto," alisema. "Hata wewe, Wannes."